Maji ya kuogea, baridi ya Juni na mkono wa mtoto

Swali: Shikamoo daktari. Nipo Makambako. Wiki iliyopita nilimimina maji ya moto kwenye beseni la kumwogeshea mwanangu wa mwaka mmoja na nusu, nikageuka kuchota ya baridi. Kurudi, ameshatumbukiza mkono. Nikaanza kuumwagia maji baridi, mama mkwe akanizuia, akasema kwa ubaridi huu mtoto atashikwa na kichomi. Akapaka dawa ya meno. Nani alikuwa sahihi? Na maji hayakuwa yanachemka, nilikuwa nimeshayaepua. Mbona yalimbabua vile?

Jibu: Marahaba, mama, na poleni sana. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi, ila mama mkwe naye usimcheke. Nimonia huletwa na vimelea, si na maji yaliyomwagwa mkononi. Lakini mtoto mdogo hupoteza joto upesi, na Juni ya huku kwetu mnaijua. Kwa hiyo poza mkono tu, mwili uliobaki ukiwa ndani ya blanketi. Maji yawe ya bomba au ya ndoo iliyolala ndani, yasiwe ya barafu. Mwagia taratibu kwa kopo kwa dakika 20. Dakika mbili hazitoshi, maana ngozi huendelea kuungua kwa ndani hata maji ya moto yakishaondoka. Mkichelewa, bado inafaa kupoza ndani ya saa tatu za kwanza. Akianza kutetemeka, acha, mpashe mwili joto.

Kabla ya hayo yote, mvue sweta. Sufi iliyolowa maji ya moto inaendelea kumchoma, nasi watoto wetu tunawavalisha mawili matatu. Bangili na shanga nazo zitoke kabla mkono haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute.

Dawa ya meno, unga, mafuta, ute wa yai: vyote hivyo hufungia joto ndani, na zahanati tunalazimika kuvisugua ili tuone kidonda. Mtoto anaumia mara ya pili. Malengelenge msiyapasue.

Sasa kuhusu maji yasiyochemka. Maji ya nyuzi joto 60 yakikaa kwenye ngozi ya mtu mzima kama sekunde tano tu yanatosha kumuunguza vibaya, na ngozi ya mtoto ni nyembamba zaidi. Huku juu maji huchemka mapema kidogo. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, ni karibu nyuzi 94 badala ya 100. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa kuiva. Ngozi ya mtoto haioni tofauti hiyo. Sufuria lililofunikwa, hata likiepuliwa, hukaa juu ya nyuzi 60 kwa muda mrefu.

Kosa lilikuwa kwenye mpangilio. Maji ya baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, ukoroge mpaka chini, halafu pima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja kilichozoea sufuria hakikuambii ukweli. Mtoto aletwe mwisho. Ukilazimika kugeuka, geuka naye.

Na kwa kuwa ni msimu wake: wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto aoge kwenye joto, mlango umefungwa. Msifanye hivyo. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua.

Kuungua usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye viungio hakutibiwi nyumbani, hata kama eneo ni dogo. Wa kwako ulistahili kufikishwa zahanati siku ileile. Mpeleke kesho na kadi yake ya kliniki, waangalie chanjo ya pepopunda. Na leo akiwa anacheza, mpe kitu akishike kisha akiachie, uone kama vidole vyote vinanyooka. Kovu la kiganja huvuta vidole kidogo kidogo, na likikomaa kulinyoosha ni kazi ya upasuaji.