Kabla ya trei ya nyaya, tazama vyuma vinavyoibeba

Kazi iliyonifunza ilikuwa ghala moja karibu na bahari, Dar es Salaam. Tulipitisha trei za nyaya, zile njia za bati zinazobeba nyaya za umeme, juu ghala zima, zikapendeza. Mwaka wa pili nikaitwa: kutu ilikuwa inachuruzika ukutani, na ilianzia kila tulipokata kwa grainda chaneli, yaani vyuma vya umbo la mfereji vinavyoshikilia trei. Trei zenyewe zilikuwa nzima, maana tulizichagua kwa makini. Vishikizo tulinunua vya bei nafuu kuliko vyote. Iliniuma sana, kwa sababu mteja alituamini.

Tangu hapo swali langu la kwanza dukani ni hili: zinki iliwekwa kabla chuma hakijakunjwa na kutobolewa, au baada? Bati la zinki la kiwandani, lile la Z275, lina takriban mikroni 20 tu kila upande, na ukilikata unaacha ukingo mtupu. Chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto baada ya kutengenezwa, kwa kiwango cha ISO 1461, hupata wastani wa mikroni 55 au 70 kulingana na unene wake, matundu na kingo vikiwemo. Angalia sana hapa: dukani kinachong'aa zaidi huwa ni kile cha kwanza. Cha kuchovya mara nyingi kimefifia, pengine kina vinundu, na wengi hukikataa kwa sura yake.

Ndani ya ofisi Dodoma, cha kwanza kinatosha. Usimwongezee mteja gharama. Pwani chukua cha kuchovya. Gatini, maji ya chumvi yanaporuka, nenda kwenye chuma cha pua cha daraja la 316, kwa kuwa metali ya molibdeni iliyomo hukifanya kistahimili chumvi kuliko cha daraja la kawaida la 304. Bolti na nati nazo ziendane na chaneli, la sivyo zitaoza kwanza. Ukikata, safisha ukingo na upake rangi ya zinki siku hiyohiyo.

Halafu umbali. Mafundi wengi hupenda kuweka kishikizo kila mita 3 kwa sababu trei ina urefu huo. Kwa trei ileile na uzito uleule kwa mita, umbali ukizidi mara mbili, kubonyea kwa trei katikati huzidi mara 16! Jumlisha uzito wa nyaya, pamoja na zitakazoongezwa baadaye, kisha soma jedwali la mzigo la mtengenezaji. Mimi huanzia mita 1.5, na kwenye kona nasogeza karibu zaidi.

Mikono ya ukutani, vile vishikizo vinavyofungwa ukutani na kuchomoza kubeba trei, ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Trei ikiwa pana, mzigo unakaa mbali na ukuta na bolti ya juu inavutwa kutoka. Tofali la saruji lenye uwazi ndani halishiki bolti ya kutanuka. Toboa hadi upande wa pili, weka bamba la chuma nyuma, ufunge nati. Ukuta ukiwa dhaifu, uache kabisa: ning'iniza trei kwenye zege la dari kwa fimbo mbili za hesi, moja kila upande.