Barua zenu kuhusu Teh na Oh-aew (na jamani, hakuna mke humu ndani)

Tangu niitaje hapa tamthilia ya Kithai *I Told Sunset About You*, barua hazijakoma. Nyingine tamu. Nyingine zimeandikwa na watu waliotazama vipande viwili vya TikTok wakajiona wamehitimu. Kwa aliyechelewa: tuko Phuket, vijana wawili, Teh na Oh-aew, wanaosubiri kuingia chuo kikuu. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, wakagombana utotoni, sasa wamekutana tena kwenye darasa la Kichina. Sehemu tano tu, 2020. Haya, twende.

Kati ya Teh na Oh-aew, nani mume na nani mke? (Msomaji wa Morogoro, na wengine kumi na moja)

Wote wanaume. Ndugu zangu, hili nimelijibu mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Lakini kwa kuwa mmekuja kumi na wawili kwa mpigo, leo nakaa chini.

Kwanza, swali hili si letu peke yetu. Wathai wenyewe wana maneno *phua* na *mia*, mume na mke kwa lugha ya mtaani, na tamthilia zao nyingi za wanaume wanaopendana zimeyatafuna mpaka yamekwisha utamu: rafiki anamtania mwenzake kwamba ni mke wa fulani, kila mtu anacheka, na mtazamaji anapewa jibu kabla hajauliza. Mrefu ni mume, mwenye ngozi laini ni mke. Ni uvivu wa kuandika. Mwandishi amechukua ndoa ya jirani, akabadilisha nguo, akatuuzia kama kitu kipya.

Pili, na hapa ndipo ninapowashangaa mliotazama mkakosa kuona. Oh-aew mwenyewe analibeba swali lenu mwilini. Teh anamsogelea, kisha anashtuka na kurudi nyuma, kwa sababu mikono yake imekutana na kifua cha mvulana. Baadaye Oh-aew yuko peke yake chumbani, amevaa sidiria nyekundu, anajitazama kwenye kioo. Hachekeshi mtu. Anapima: je, ningekuwa msichana, angebaki? Ni swali lenu hilohilo, ndugu wa Morogoro, na tamthilia nzima imejengwa ili kuonyesha linavyomchoma anayeulizwa. PP Krit, mwigizaji wa Oh-aew, anaicheza bila neno hata moja, na mimi niliisimamisha pale nikaenda kuchemsha chai.

Tatu, hata sheria imewaacha nyuma. Baraza la Seneti la Thailand lilipitisha sheria ya usawa wa ndoa tarehe 18 Juni 2024, na ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025. Walichofanya kwenye kanuni zao za ndoa ni kazi ya kalamu: palipoandikwa "mwanaume" na "mwanamke" wakaweka "mtu", palipoandikwa "mume" na "mke" wakaweka *khu somrot*, yaani mwenza wa ndoa. Dola nzima imeweza kuishi bila kujua nani mke. Nawe jaribu.

Msimu wa tatu unatoka lini? (Wengi)

Hautoki. Kampuni iliyoitengeneza, Nadao Bangkok, ilifunga shughuli zake 2022. Wanaowatumia "trela ya msimu wa tatu" wanataka mbofye kiungo, basi. Msibofye.

Billkin (aliyemcheza Teh) na PP ni wapenzi kweli, nje ya skrini? (Msomaji wa Nakuru)

Hayakuhusu, wala hayanihusu.

Niongeze kidogo. Biashara ya Bangkok inauza waigizaji wawiliwawili, kama viatu. Kuna hata jina lake, *khu jin*, jozi ya kuwaziwa: mashabiki wanawaoza, kampuni inawapangia matamasha, na mmoja akionekana anakula chakula cha jioni na mtu mwingine, kunawaka. Hapo ndipo napata mashaka na wanaosema wanapenda mapenzi ya jinsia moja. Unayapenda ukiwa wewe ndiye unayeshika remote. Mwacheni Billkin aimbe. Mwangalieni pia kwenye sinema ya 2024 anamomuuguza bibi yake huku akiuwinda urithi, muone kama bado mna haja ya kumwoza.

Mimi ni msichana, nina mchumba wa kiume, lakini usiku nakesha na tamthilia hizi. Nina kasoro gani? (Msomaji wa Tanga)

Huna kasoro yoyote, dada, una usingizi tu. Watu kama wewe Thailand wanaitwa *sao wai*, wasichana wa herufi Y, na herufi yenyewe imetoka kwenye neno la Kijapani *yaoi*. Aina hii ya hadithi ilianza kwa wanawake kuwaandikia wanawake. Hadithi zilianza mtandaoni, zikawa vitabu, kisha zikaingia kwenye televisheni. *Love Sick* ya 2014 ilitoka kwenye riwaya ya mtandaoni, nayo ndiyo iliyofungua mlango. Miaka miwili baadaye ikaja *SOTUS*, na tangu hapo ni mafuriko.

Ila kuna dawa ambayo lazima niinyweshe hadhira hii, hata kama hukuiomba. Kwa kuwa hadithi hizi hazikuandikwa kwanza kwa ajili ya wanaume wanaopenda wanaume, kwa miaka mingi zilikuwa na mstari mmoja zilioupenda kupita kiasi: "Mimi sipendi wanaume. Nakupenda wewe tu." Mashabiki walikuwa wanalia kwa furaha. Mimi nilikuwa nakasirika, na bado nakasirika. Uusikilize vizuri mstari huo. Kijana anakiri penzi na papo hapo anajitakasa, kama mtu anayekula kitimoto huku akiapa kwamba ni mara moja tu na ni kwa sababu ya njaa. Anampa mwenzake moyo, kisha anamwambia kwamba watu wa aina yako siwataki. Mwenzake afurahi?

Ndiyo maana hii ya Phuket naipandisha juu ya nyingine. Teh hapewi mlango huo wa kutokea. Anajaribu kila njia: anamfuatilia msichana anayeitwa Tarn, anajiambia ni wivu wa urafiki, anajiambia ni masomo. Kila njia inaziba, na mwishoni anabaki na mambo yake mwenyewe, si ya Oh-aew. Kumpenda mtu mmoja si kazi ngumu. Kilichomtoa Teh jasho sehemu tano nzima ni kukubali kwamba huyo anayependa ni yeye.

Mbona unamsifia Teh? Tarn alionewa. (Msomaji wa Bukoba)

Alionewa, tena sana. Umesema kweli na sina la kumtetea. Kijana anayejikimbia hukanyaga watu njiani, na aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Tarn. Kwenye msimu wa pili, 2021, Teh anahamia Bangkok na kumfanyia Oh-aew yaleyale kwa sura nyingine. Kwa hiyo msinitumie tena barua za "Teh ni malaika".

Teh alipata nafasi ya chuo akaikataa ili Oh-aew aipate. Huo si upumbavu? Mzazi wake auze tambi miaka yote halafu yeye aigawe nafasi! (Baba wa watoto watatu, Ukonga)

Mzee wangu, shikamoo. Wewe ni wa kwanza kuandika kuhusu sufuria la mama, na ndilo hasa nililotaka mtu aliulizie.

Turudi nyuma kidogo. Teh alichaguliwa kwenye duru ya kwanza, ile ya kuchukuliwa moja kwa moja na chuo. Oh-aew alikuwa wa akiba. Mmoja akijitoa, aliye nyuma yake anapanda. Teh akajitoa. Ukiitazama kama baba mwenye ada mfukoni, ni upumbavu, na mama yake aliona hivyohivyo. Mama yule anauza tambi za Kihokkien. Phuket imejaa wajukuu wa Wachina wa Fujian waliokuja enzi za migodi ya bati, na tambi hizo ndizo chakula chao. Kila bakuli lililouzwa lilikuwa linamsogeza Teh kwenye lile lango la chuo.

Lakini tazama kijana alikuwa na nini mkononi siku ile. Neno la kumwambia Oh-aew hakuwa nalo. Alikuwa amemfundisha msamiati wa Kichina karatasi kwa karatasi, na lake la moyoni hakuweza kulitamka kwa Kichina wala kwa Kithai. Jina la asili la tamthilia, *Plae rak chan duai jai thoe*, maana yake ni "tafsiri penzi langu kwa moyo wako". Basi akatoa kitu pekee chenye thamani alichokuwa nacho, nacho hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa na jasho la mama ndani. Hapo ndipo nakubaliana nawe, mzee. Angesema maneno matatu tu, mama asingepoteza kitu. Mtu asipojikubali, mara nyingi deni hulipwa na nyumba nzima.

Nanyi wazazi, mkiona mtoto anatupa kitu kikubwa bila sababu, msianze na fimbo.

Tafsiri ya Kiswahili niliyoipata inasema "rafiki" kila mahali. Nimekosa nini? (Msomaji wa Muscat)

Umekosa nusu ya tamthilia. Na inauma zaidi kwa sababu Kiswahili kingeweza kuibeba vizuri kuliko Kiingereza. Kithai kina *khao*, sisi tuna "yeye": mtu anaweza kusimulia penzi lake jioni nzima mbele ya shangazi bila kufichua ni la nani. Mwingereza hawezi, lazima achague. Wana *faen*, sisi tuna "mpenzi", hayana jinsia. Wana *phi* na *nong* za mkubwa na mdogo. Nasi mtoto wa Kiswahili hamwiti aliyemzidi umri kwa jina kavu. Mfasiri alikuwa na vyombo vyote mezani akaamua kupika uji.

Najua kwa nini aliandika "rafiki". Aliogopa. Lakini tukumbuke tu kwamba bibi yangu, mtu wa pwani, alimwita jirani yake "shoga" kila asubuhi ya maisha yake, kwa maana ya mwanamke rafiki yake wa kusukana nywele. Sisi ndio tuliolichukua neno la mapenzi ya majirani tukaligeuza jiwe la kurushia watu.

Thailand ni pepo ya watu hawa, siyo? (Msomaji wa Bujumbura)

Ni nchi. Mapenzi ya jinsia moja si kosa la jinai huko tangu 1956, na katika Asia ya Kusini-Mashariki ndiyo ya kwanza kuwafungisha ndoa. Hayo ni mambo makubwa. Ila mwanamke aliyezaliwa akiandikwa mvulana bado hana sheria ya kubadilisha "Bwana" kwenye kitambulisho. Kila Aprili, vijana wa umri wa jeshi wanaitwa kuchota kadi, nyekundu unakwenda, nyeusi unabaki, naye anapaswa kuripoti pamoja nao hata akiwa na gauni. Sheria mpya ya ndoa pia imeacha maneno "baba" na "mama" yalivyokuwa, ingawa wanaharakati waliomba "mzazi". Na kama nyumbani kungekuwa pepo, Teh asingelia vile.

Mimi ni Teh. Nina miaka 19. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Niwaambie nyumbani? (Bila jina, bila mji)

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuficha mji. Endelea hivyo.

Wahenga haohao walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Usiokote methali moja ukaifanya amri. Teh ana mwandishi aliyemwandikia kaka kama Hoon, na ni kwa huyo kaka ndipo alipomwaga moyo. Hakuanza kwa mama. Wewe hujaandikiwa mtu. Inabidi umtafute, na umpime kwa mambo madogo kwanza: anazungumzaje kuhusu watu wa aina yako wakati hajui kwamba upo chumbani?

Kujikubali na kutangaza ni mambo mawili. La kwanza unaweza kulifanya leo, mlango ukiwa umefungwa, na ni halali yako. La pili linahitaji paa, chakula na ada ambavyo havishikiliwi na mtu atakayekasirika. Sheria za kwetu unazijua: Kenya ni jela hadi miaka 14, Tanzania kuanzia 30 hadi maisha, na ya Uganda ya 2023 imefika hadi kifo kwa baadhi ya makosa. Ninazitaja si kukutisha, ni kwa sababu tamthilia haizitaji.

Na hili hukuuliza: usitume picha. Kwa mtu uliyemjua mtandaoni, usitume ya uso, wala ya chumba, wala ya sare ya chuo. Akikuita mkutane, iwe mahali penye watu, mchana, na mtu mmoja awe anajua ulipo. Barua za vijana walionaswa kwa vitisho vya pesa ninazo nyingi kuliko za wanaouliza nani mke.

Usifikiri una haraka. Niandikie tena, hata kama huna swali.

Oh-aew maana yake nini? (Msomaji wa Lamu)

Ni kitamutamu cha Phuket! Jeli laini inayotengenezwa kwa mbegu na ndizi, inakatwa vipande, inamwagiwa barafu iliyokunwa na sharubati nyekundu. Wenyeji wanakula kukiwa na joto. Na neno "teh" kwa Kihokkien ni chai. Kwa hiyo mmekaa mnalilia kinywaji cha moto na barafu, na mimi pia.