Baridi ya Njombe huanzia miguuni

Wiki iliyopita binti mmoja kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nimepangiwa Makete. Nimezaliwa Kigamboni, sijawahi kumiliki hata sweta. Ninunue mablanketi mangapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa pabaya, maana na mimi niliwahi kuwauliza watu hivyohivyo wakanijibu neno moja tu: utazoea. Sikuzoea. Nilijifunza, na kujifunza kwenyewe nusura kunitoe roho.

Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Kwetu mtu analala na shuka moja, feni juu, na hiyo shuka yenyewe ukifika usiku wa manane iko sakafuni. Mei 2015 nikapangiwa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Njombe. Safari naiacha, kila mwalimu ana safari yake. Nilichokijua kuhusu Njombe ni viazi na mbao. Hakuna aliyenieleza kwamba mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wala kwamba ukiamka mapema mwezi wa sita unaweza kukuta sakitu imetanda juu ya majani ya viazi kama mtu kapita usiku akimwaga chumvi.

Nilipata chumba cha saruji, bati juu, silingibodi hakuna. Mshahara wa kwanza ulikuwa bado, kwa hiyo kitanda sikuwa nacho. Godoro langu la inchi 4 nililitandika sakafuni, nikanunua blanketi. Baridi. Nikanunua la pili. Baridi ileile. Nikakopa hela nikanunua la tatu, lile zito la mistari, na usiku huo nikalala na suruali ya jinzi, sweta mbili na jaketi juu. Nilikuwa kama gunia la mkaa lililoshonwa. Saa sita jasho likanitoka mgongoni, saa nane lile jasho likageuka barafu, na miguu muda wote huo ilikuwa kama si yangu. Darasani nilisinzia nimeshika chaki. Watoto wa la tatu walinicheka kwa adabu, Mungu awabariki.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo siipendi. Jioni moja nimepika maharage, jiko limebaki na makaa mekundu, mazuri, hayatoi moshi hata kidogo. Nikasema kama hayana moshi yana ubaya gani? Nikaliingiza chumbani, nikafunga dirisha, na upenyo wa chini ya mlango nikauziba kwa kanga aliyonifungia mama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Njombe nilipata joto. Nililala kama mtoto.

Kilichoniokoa ni mkojo. Nalisema hivihivi bila haya. Baridi hukojoza watu, kila aliyeishi nyanda za juu anajua. Nikazinduka kichwa kinagonga kama kinu, nikasimama, magoti yakakataa. Nikatambaa hadi mlangoni, nikaivuta ile kanga, nikafungua, nikaangukia uani. Jirani yangu, mwalimu mwenzangu, alinikuta nimelala kwenye nyasi zenye umande, natapika. Alikaa nami mpaka kukakucha, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Ila asubuhi hiyohiyo ofisi nzima ya walimu ilikuwa na jina langu jipya: Mwalimu Jiko. Aliyelitunga ni yuleyule aliyenikalia usiku kucha. Nimeitwa hivyo miaka minne. Watu wanasema utani ni afya. Labda, kama hautaniwi wewe.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuona makaa yamekolea na moshi umekwisha si usalama, hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kila kipupwe tunasikia familia imekutwa asubuhi haiamki. Jiko la mkaa halilali chumbani na mtu. Si kwa dakika kumi, si kwa sababu ya mtoto mchanga, si kwa sababu dirisha liko wazi kidogo. Mnisikie vizuri.

Aliyenifundisha kulala ni mama mwenye nyumba, Mbena mtu mzima, hajaenda shule zaidi ya la nne. Alikuja kunipa pole. "Kamwene, mwalimu." "Kamwene, mama." Mablanketi yangu matatu wala hakuyatazama. Aliinama akaingiza mkono chini ya godoro, akautoa, akanionyesha kiganja. Kilikuwa kimelowa. Tukaligeuza godoro pamoja. Upande wa chini ulikuwa na ukungu mweusi wa madoadoa, na sakafuni umbo la godoro limechoreka kwa unyevu.

"Mwanangu," akasema, "umefunika dari, umeacha sakafu."

Basi elimu yote ya mablanketi iko hapo. Sponji ikigandamizwa na uzito wako inakuwa nyembamba, na saruji inakunyonya joto usiku kucha. Ukiongeza blanketi juu unaongeza uzito tu. Siku hiyohiyo nilienda dukani nikaomba maboksi matupu, nikayafungua nikayapanga tabaka tatu, juu mkeka, halafu blanketi moja kati ya yale matatu nikalitandika juu ya godoro, chini yangu. Juu nikabaki na mawili. Usiku ule nililala kuliko usiku wa jiko, na asubuhi niliamka mzima. Mshahara ulipoingia kitu cha kwanza kilikuwa kitanda cha chaga. Cha pili hakikuwa simu, japo nilikuwa natamani.

Ikabaki miguu. Hili nilikuja kulisoma baadaye: mwili ukitaka kulala hushusha joto lake la ndani, na hulitolea kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo. Nyayo zikiwa baridi mishipa yake inajibana, joto halina pa kutokea, na usingizi unakusubiri mlangoni na wewe unausubiri ndani. Mwaka 1999 watafiti wa Uswisi waliandika kwenye jarida la Nature kwamba miguu yenye joto ni dalili nzuri ya mtu atakayesinzia upesi. Mama mwenye nyumba wangu hakuwahi kulisoma jarida hilo. Alikuwa akiwakanda wajukuu zake miguu kwa maji ya moto, akiwakausha mpaka katikati ya vidole, anawavika soksi, wanalala.

Nami kwa ujuaji wa chuo nikaona nimpite. Nikachemsha maji, nikamimina kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, nikaingia nayo kitandani. Ile chupa ilijikunja mikononi mwangu kama dagaa kwenye kikaango, mfuniko ukaachia, lita nzima na nusu ikaingia kwenye godoro. Mwezi wa saba! Niliunguza goti na nikalala kwenye kiti. Kwa hiyo ukitaka chupa, nunua ile ya mpira ya maji ya moto, yanauza maduka ya dawa. Maji yasiwe ya kuchemka, usiijaze mpaka juu, itoe hewa, ivike soksi kuukuu isikuguse ngozi moja kwa moja, na uitangulize kitandani nusu saa kabla yako, usawa wa miguu. Miguu, narudia. Usiikumbatie kifuani kama mwanasesere.

Soksi ziwe kavu na zisibane. Ulizoshinda nazo kutwa vua, zina jasho hata kama hulisikii. Jaketi vua pia. Kofia ya sufu vaa, hapa hakuna atakayekucheka. Na ulanzi, ile pombe ya mianzi, vijana wenzangu, ulanzi! Kila mgeni anaambiwa unaleta joto. Unaleta joto kwenye ngozi, ndiyo, damu inakimbilia juu, na kutoka hapo joto linapotelea hewani. Unalala umechangamka unaamka saa tisa unatetemeka. Mimi sinywi, kwa hiyo mnaweza kusema naonea wanywaji. Lakini nimewaona wakitetemeka.

Juni hii yule aliyeniita Mwalimu Jiko alikuja kwangu jioni, mkewe kajifungua, nyumba yao mpya haina silingibodi. Alizungukazunguka, akauliza habari za mitihani, mwisho akasema: "Hivi ile chupa yako ulinunua wapi?" Nikamwelekeza duka, nikamwambia kwanza aitumie kupashia kitanda chao wakubwa, kwa kichanga asiiweke. Tukaenda wote kuomba maboksi. Jina langu hakulitaja, na mimi sikumkumbusha.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Makete, blanketi tatu zinatosha: moja chini, mbili juu. Usinunue Dar. Shuka Njombe mjini, ingia kwenye mitumba, utapata mazito kwa bei nafuu na soksi za sufu humohumo. Makete kuna baridi kuliko kwangu, hilo sikufichi, na ukipanda kule Kitulo utanikumbuka. Kabla hujalipia chumba, omba ukione usiku badala ya mchana, vua kiatu kimoja, usimame sakafuni dakika mbili. Ukishindwa, muulize mwenye nyumba kama ana chaga za kukuazima.