Kabla hujafuta nodi, angalia mishale yake

Wenzangu mnaoandika programu, hili lilinila wiki mbili nzima kwa hiyo lisikuleni na nyinyi. Nilikuwa natengeneza mfumo wa tiketi za boti, Lamu kwenda Mokowe, Shela, Manda mpaka Kizingitini, nikaamua nianze na modeli, yaani mchoro wa mfumo mzima, halafu kodi itoke humo. Modeli yenyewe ni grafu tu, yaani vitu (nodi) vilivyounganishwa kwa mishale, kila gati ni nodi, kila boti nodi, na mishale inasema boti hii inafunga gati lipi na nahodha wake ni nani.

Sasa gati moja likafungwa kwa ukarabati, nikafuta nodi yake, basi. Kufungua mfumo, safari nne zinaelekea mahali ambapo hapapo tena! Mishale inaning'inia, programu imeanguka, na mimi usiku kucha natafuta kosa kwenye kodi kumbe kosa liko kwenye modeli.

Ndo nikaanza kutumia kanuni za kugeuza grafu. Si mambo mapya, watafiti Ehrig, Pfender na Schneider waliziandikia hesabu zake mwaka 1973. Kanuni ni picha mbili, ya kushoto ni kile unachokitafuta ndani ya grafu, ya kulia ni vile patakavyokuwa, kilichoko kushoto tu kinafutwa na kilichoko kulia tu kinaongezwa. Na kwa njia yao, nodi ikiwa bado na mshale ambao kanuni haikuutaja, kanuni inakataa kabisa kuifuta, kwa hiyo lazima uhamishe safari kwanza. Ila soma setingi za zana yako maana nyingine zinafuta na mishale kimyakimya. Mimi natumia Henshin, zana ya kugeuza grafu, ndani ya Eclipse, ile programu ya kuandikia kodi.

Kingine, sema pia kile kisichotakiwa kuwepo. Kanuni yangu ya kumpa boti nahodha ilizunguka bila kukoma, kwa sababu hata boti ikishapata nahodha picha ya kushoto bado inaonekana, mpaka nikaongeza sharti kwamba boti isiwe na mshale wa nahodha tayari.

Siku hizi nachora kanuni kwenye daftari kwanza, nyekundu kinachofutwa, kijani kinachoongezwa, nampelekea nahodha mmoja pale gatini. Kodi hajui lakini mchoro anausoma vizuri sana, na juzi akaweka kidole kwenye mshale mmoja akaniambia, "Mwanangu, maji yakipwa boti hii haifiki hapa." Nikarudi nyumbani kuongeza nodi ya maji.