Bandama kubwa, chembe sahani chini, kemo inaahirishwa

Pole sana, dada. Mama yako kuahirishiwa kemo (dawa za saratani) mara mbili kwa sababu bandama imevimba na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ni 48,000 tu kwa mikrolita ya damu, kunavunja moyo. Nilimuuguza baba katika hali hiyo hiyo.

Bandama ya kawaida hushika kama theluthi moja ya chembe hizo. Ikivimba inaweza kushika hata asilimia 90, ndiyo maana hata akiongezewa nyingi huishia humo. Muulize daktari wa saratani kuhusu kuziba sehemu ya mishipa inayoipelekea damu. Baba alifanyiwa, akarudi kwenye kemo, ingawa maumivu na homa vilimsumbua siku kadhaa.

Asinywe aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Mnunulie mswaki laini; baba alikuwa akiamka na damu kwenye foronya. Kinyesi cheusi, kichwa kuuma ghafla, damu ya pua isiyokata: hospitali usiku huo huo.