Chongo Tuite Chongo

Mwanangu Salim,

Barua yako imefika na salamu za wajukuu nimezipokea. Umeniuliza jambo moja: Zuhura na mdogo wake, mmoja miaka 11 na mwingine 8, wanataka kuangalia Star Trek ile ya zamani, tamthilia ya Kimarekani ya chombo cha angani, ile ya kaseti zetu. Wewe ulipoirudia ukubwani ukaona watu waliopakwa rangi usoni, ukasita. Uwaonyeshe au uwafiche?

Nimelisoma swali lako mara mbili, na kila mara nimesikia jingine chini yake: mama yetu, wewe uliyetulea tusijidharau, uliwezaje kuipenda tamthilia ile? Basi nianze na hilo. Msimamo wangu unaujua tangu hujajua kusoma. Ukipenda, chongo huita kengeza, na mimi kengeza siitaki. Chongo tuite chongo, halafu kama bado tunapenda, tupende.

Waklingon wale waliokusumbua, maadui wa kutoka sayari nyingine, walionekana mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1967, katika sehemu iitwayo Errand of Mercy. Kamanda wao, Kor, aliigizwa na John Colicos, Mkanada mweupe. Walimpaka kahawia usoni, wakampa masharubu na nyusi za kupanda juu, adui akawa tayari. Matuta ya kwenye paji la uso hayakuwepo. Yalikuja na filamu ya mwaka 1979. Sababu ya kwanza ni fedha na muda, kwani sehemu moja ilipigwa kwa siku zipatazo sita. Waromulan, maadui wengine waliotangulia Desemba 1966, walihitaji masikio ya kuchongoka, na masikio ya bandia ni ghali na yanakula muda kuyabandika. Ukiwatazama vizuri utaona askari wao wengi wamevalishwa kofia za chuma zinazofunika masikio. Mklingon alihitaji rangi na nywele tu. Ndiyo maana aliitwa tena na tena, na Mromulan akabaki kuonekana kwa nadra.

Huo ni ufundi, na unaeleza kwa nini walipaka rangi. Hauelezi kwa nini rangi ilikuwa kahawia. Kijani walikuwa nacho. Katika sehemu ya majaribio ya kwanza kabisa walishampaka mwanamke kijani mwili mzima. Kopo la kijani na kopo la kahawia bei yake haipishani. Colicos mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipoulizwa na mpaka rangi anataka kufananaje, alimtaja Genghis Khan. Walipotaka adui, mkono ulikwenda wenyewe kwa mtu wa Asia.

Khan, adui mwingine wa tamthilia hiyo, naye ni hivyo hivyo. Space Seed, Februari 1967: mwanahistoria wa chomboni anamtazama amelala na kusema huyu anatoka kaskazini mwa India, huenda ni Kalasinga. Kalasinga gani asiye na kilemba wala ndevu? Aliyelala pale ni Ricardo Montalbán, Mmeksiko, ameongezewa weusi usoni. Na bado, Salim, anaigiza! Anavyokaa mezani na kumjibu Kirk, nahodha wa chombo, bila kupandisha sauti, huwezi kuondoa macho. Haya mawili yapo katika uso mmoja, na usimruhusu mtu akuambie uchague moja.

Ile nisiyoweza kuitetea hata kidogo ni The Paradise Syndrome ya Oktoba 1968. Kirk anapoteza kumbukumbu na kuangukia kwa watu wa asili ya Amerika walioko sayari nyingine. Spock, msaidizi wake mwenye masikio ya kuchongoka, anawatazama na kusema ni mchanganyiko wa Wanavajo, Wamohikani na Wadelaware, kana kwamba watu wa jangwa la kusini magharibi na watu wa misitu ya mashariki ni viungo vya mchuzi mmoja. Msichana anayeolewa na Kirk ni mwigizaji mweupe aliyepakwa rangi. Kirk anampulizia pumzi mtoto aliyezama, mtoto anazinduka, na kijiji kizima kinamwabudu. Anawafundisha taa na kuhifadhi chakula. Watu walioupa ulimwengu mahindi na maharage, wafundishwe kuhifadhi chakula! Sisi wa pwani hadithi ya mgeni mweupe anayedhaniwa mungu tumeshasimuliwa vya kutosha.

Sasa utaniambia, na marehemu baba yako angenikatiza hapa, kwamba walikuwa watu wa zama zao. Nami nimewahi kulisema hilo. Nimeacha kulisema, na aliyeniachisha ni George Takei, mwigizaji wa Sulu, mwendesha chombo. Katika The Naked Time, ya Septemba 1966, Sulu anapandwa na wazimu wa ugonjwa na kukimbia koridoni kifua wazi akiwa na upanga. Takei ameeleza kwamba mwandishi alifikiria upanga wa samurai. Yeye akasema hapana, Sulu ni mtu wa karne ya 23 na amekulia hadithi za Ulaya kama kijana yeyote wa Marekani, mpeni upanga mwembamba wa mchezo wa kupigana. Kisha akaenda kujifunza kuushika. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1942, akiwa na miaka 5, alichukuliwa pamoja na wazazi wake na serikali ya nchi yake na kuwekwa kambini kwa sababu ya asili yao ya Kijapani. Alikuwa mtu wa zama hizo hizo, studio hiyo hiyo, na aliona. Kwa hiyo zama haziwezi kubeba lawama yote. Wengine waliona na wengine hawakutaka kuona.

Ila hapo hapo najipinga. Mwandishi alimsikiliza, upanga ukabadilishwa. Machi 1968, katika The Ultimate Computer, fundi aliyebuni kompyuta za meli zote za kundi lao ni Dakta Daystrom, akiigizwa na William Marshall, mweusi, mrefu, mwenye sauti nzito, na hakuna hata mmoja humo ndani anayetaja rangi yake. Tamthilia iliyofanya hivyo siwezi kuiweka kapu moja na zile ambazo mweusi hufungua mlango na kuondoka.

Na Uhura, afisa wa mawasiliano wa chomboni. Nilijua nitafika hapa. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Mmarekani kuhusu Kenya, jina lake Uhuru, na kutoka hapo likapatikana jina la Luteni. Wakalilainisha mwisho kwa kuweka a. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujatimiza miaka mitano, wa Kenya haujatimiza mitatu, na neno letu tayari limekaa angani, kwenye karne ya 23. (Zuhura atadhani anaitwa yeye.) Jina la kwanza, Nyota, hutalisikia katika tamthilia ya miaka ile, kwenye skrini lilitamkwa kwenye filamu ya 2009.

Lakini ninachotaka ukitazame ni The Man Trap, sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe kinachoua watu kwa kuwafyonza chumvi mwilini, na kinajigeuza umbo kulingana na kile mtu anachokitamani. Uhura anatembea koridoni peke yake. Mbele yake anatokea kijana mweusi mtanashati, na anamsemesha Kiswahili. Tazama uso wa Nichols pale. Mabega yanashuka, macho yanalainika, mtu kasikia kwao. Kiswahili chenyewe kinatamkwa kigeni, itabidi utege sikio, lakini ni chetu, siku ya kwanza ya tamthilia nzima! Kila nikifika hapo nafurahi kama mara ya kwanza.

Kisha naumia. Maana kijana yule si mtu. Katika meli ya watu zaidi ya mia nne, anayemsemesha dada yule lugha yake ni mnyama anayetaka chumvi yake. Mwaka uliofuata, katika The Changeling, mashine inamfuta kumbukumbu zote, wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Akikwama, kinachomtoka ni Kiswahili, na muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Nimefikiria pale hawakukusudia ubaya. Nimefikiria pia kwamba walikusudia kuonyesha lugha ya mama inakaa ndani kuliko zote, hata mashine haiifikii, na kama ni hivyo basi ni heshima kubwa. Sijui nishike lipi. Siku nyingine nashika la pili.

Nichols mwenyewe alichoka na kutaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, kazi yake ikiwa imebaki kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Ameeleza kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Alibaki, na tangu 1977 akaisaidia NASA, shirika la anga la Marekani, kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwafunza uanaanga. Mae Jemison, mwanaanga mweusi aliyeruka Septemba 1992, alikua akimtazama yeye. Yote haya yametoka kwa mtu aliyepewa maneno machache kuliko mwanamume yeyote aliyeketi karibu naye.

Sasa ya mikono. Ukiamua kuwaonyesha, usiiache programu ya kuangalizia ikuchagulie. Ina tabia ya kujirukia yenyewe kwenda sehemu inayofuata, kwa hiyo izime hiyo. Sehemu moja kwa jioni, dakika kama 50, inatosha. Anza na The Devil in the Dark, ya kiumbe cha mwambani anayeua wachimba madini na baadaye tunajua ni mama anayelinda mayai. Kisha Balance of Terror, ambamo baharia mmoja anamshuku Spock kwa sababu ya masikio yake. Watoto wataielewa bila msaada wako. Halafu The Ultimate Computer, halafu The Man Trap. Hapo ndipo uwape Errand of Mercy na Space Seed, wakiwa tayari wana kitu cha kulinganisha. Ukianza na nyuso zilizopakwa, watacheka au watachukia, na hawatarudi.

Let That Be Your Last Battlefield ni ya Zuhura, mdogo asubiri. Nyuso nusu nyeupe nusu nyeusi, mmoja kulia, mwingine kushoto, na wanauana kwa hilo. Ina uzuri, ina kasoro: Lokai anatoka kwa watu waliokuwa watumwa, Bele kwa mabwana zao, na mwisho wanalaumiwa sawasawa. Mwulize Zuhura kama ni sawa. Lile busu la Kirk na Uhura la Novemba 1968 watu wanalisifu sana. Waonyeshe ukitaka, lakini waone kwamba wote wawili wanalazimishwa.

The Paradise Syndrome iruke. Na wakihamia Star Trek iliyofuata, ile ya mwaka 1987, kwa mpangilio wake, mtego uko jirani sana: hadithi ya tatu tu, Code of Honor, sayari nzima ya weusi, mkuu wao anamteka mwanamke mweupe. Mwongozaji aliondolewa kazi haijaisha, na waigizaji kadhaa wameikana hadharani. Hakuna chochote cha mbele kinachoitegemea. Ruka, hawatapotea njia.

Usihubiri kabla. Ukihubiri kwanza watakutazama wewe badala ya skrini. Angalieni mpaka mwisho, kisha uliza moja tu: nani alipakwa, na kwa nini yeye? Na usitegemee toleo lililosafishwa miaka ya 2006 hadi 2008 likuokoe. Walichora upya meli, sayari na nyota. Nyuso waliziacha kama zilivyokuwa.

Umetaka niseme uwaonyeshe au usiwaonyeshe. Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi tangu ukurasa wa kwanza, na Mungu anajua ninavyolizuia. Wewe ndiye baba yao. Ila ukifika The Man Trap, pale koridoni, zima manukuu wasikie kwa masikio yao, kisha mpe Zuhura karatasi aniandikie yeye mwenyewe alichokisikia.

Mama yako