Udongo wa kihamba ulivyonigomea kwenye ndoo

Nilipohamia ghorofani pale Majengo, Moshi, hata mapazia sikuwa nimetundika nikampigia mama simu anijazie viroba viwili vya udongo wa kihambani, yaani shamba la migomba la kuzunguka nyumba. Kwetu ni Kibosho, na mtu wa Kibosho haambiwi kitu kuhusu udongo. Ule wa chini ya migomba ni mweusi, mwepesi, unazamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Konda alinitoza nauli ya abiria wawili, nikalipa bila ubishi. Nikajaza ndoo sita za rangi, za lita 20, nikapanda nyanya na hoho, nikakaa kusubiri kachumbari.

Wiki ya tano majani ya chini yakaanza kuwa njano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Maji yakawa yanatuama juu kama kidimbwi, yanachukua muda mrefu kuzama. Nikang'oa mche mmoja: mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, na harufu yake ni ya mtaro. Mama aliposhuka mjini akachomeka kidole kwenye ndoo, kikagoma kuingia. "Mwanangu, udongo wangu umeukanyaga?"

Sikuukanyaga. Niliumwagilia tu, kila siku, na kwenye ndoo hilo linatosha. Kihambani udongo una minyoo inayoutoboa, mizizi ya migomba inayoupasua, majani yanayooza juu yake, na kina cha kutosha maji kushuka yaendako. Kwenye ndoo umeuondolea wote hao. Kila unapomwaga maji, chembe ndogo zinashuka na kuziba nafasi za hewa, na mizizi inapumua kama sisi. Kwa hiyo anayenunua udongo wa ndoo kwa kuangalia weusi wake anaangalia rutuba, kitu ambacho unaweza kukiongeza baadaye. Angalia kwanza hewa.

Tuzungumzie na kokoto. Karibu kila mtu atakwambia uweke kokoto chini ya ndoo ili maji yatoke. Mimi niliweka. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima: itadondosha tena, wala hujaikamua. Maji hukwama kwenye tabaka la chini, na kadiri chombo kilivyo kifupi, ndivyo sehemu kubwa ya udongo wako inavyobaki imelowa. Ukiweka kokoto umefupisha ndoo, tope limepanda juu likaifuata mizizi. Toboa matundu matano au sita, inua ndoo kidogo juu ya vipande vya tofali, kisha udongo ujae kuanzia chini kabisa.

Mchanganyiko ninaotumia sasa ni kopo moja la udongo wa kihamba, moja la mboji au samadi iliyoiva, na moja la maganda ya mpunga. Huku kwetu maganda hayana shida, kwa kuwa mpunga unalimwa hapo chini, Mabogini na Chekereni, na kwenye mashine za kukoboa yanalala marundo. Ni magumu, hayaozi haraka, na ni mepesi. Uzito si jambo dogo: ndoo ya lita 20 yenye udongo mtupu uliolowa inafika kilo 30 na ushee, na mwenye nyumba wangu alikuwa ameshaanza kutazama kibaraza chake kwa wasiwasi. Utaota mpunga mmoja mmoja humo, ung'oe tu. Kama huna maganda, mchanga mnene wa mtoni unasaidia; ule laini wa plasta usiuguse, unaziba kuliko udongo wenyewe. Wenzetu wanaoishi kuzunguka Mlima Meru wana ile changarawe nyepesi ya volkano yenye vitundu, na kwa kweli nawaonea wivu.

Kabla hujapanda, chota mchanganyiko wenye unyevunyevu, ukamue kwenye ngumi, ufungue kiganja, uuguse kwa kidole. Ukibomoka, panda. Ukibaki donge linalong'aa, lenye alama za vidole vyako, ongeza maganda.

Samadi nayo ilinifundisha adabu. Nilinunua kiroba kwa mtu aliyeapa kwamba imeiva. Nilipoingiza mkono katikati kulikuwa na joto la chai iliyosahauliwa mezani, na harufu ya mkojo ikanipanda puani. Nikajifanya sijaona, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Spinachi zote ziliungua kingo za majani. Samadi iliyoiva ni ya baridi, inanukia udongo, na huwezi tena kutambua lipi lilikuwa jani na lipi kinyesi. Siku hizi kila kiroba kipya nakijaribu kwa punje tano za maharage kwenye kopo. Yakichipua na majani ya kwanza yakafunguka vizuri, natumia. Yakitoka yamejikunja au yameungua, kiroba kinarudi kivulini kwa miezi kadhaa. Maganda ya kahawa mabichi pia yanahitaji kuozeshwa kwanza.

Udongo wa bure kutoka shamba lililokuwa na nyanya, bilinganya au viazi mviringo mimi siuchukui tena, hata nikiletewa mlangoni. Jirani alinipa, nikaja kukuta mizizi ina vinundu kama shanga: minyoo fundo, ile midogo sana inayoshambulia mizizi. Ikibidi uutumie, uloweshe, uutandaze, uufunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, ukandamize kingo, uuache juani wiki nne hadi sita. Januari na Februari hapa Moshi jua linaifanya kazi hiyo vizuri.

Mama hajakubali habari ya maganda. Kwake ni kuuchafua udongo. Mwezi uliopita alishuka na kiroba kingine, nikakipokea kwa mikono miwili, na usiku alipolala nikakichanganya chote kimyakimya, nikajaza ndoo. Asubuhi akachomeka kidole chake, kikazama chote. Akacheka. "Unaona? Nilikwambia, udongo wa nyumbani."

Nikamwongezea chai.